Vunjajungu wanne kwenye chupa: ni spishi ngapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha Baiolojia sekondari huku Veyula, Dodoma. Mvua zilipokuwa zinaishia niliwaambia wanafunzi walete wadudu, wakaniletea vunjajungu wanne. Wa kwanza ni wa kijani, mkubwa, mnene, ana doa jeupe kwenye kila bawa. Wa pili ni wa kahawia na mwembamba kidogo, naye ana doa jeupe bawani. Huyu walimkamata usiku kwenye taa ya bweni. Wa tatu ni wa kijani pia, ila kwapani ana doa jeusi. Wa nne ni mdogo, hafiki sentimita 4, na mabawa yake ni mafupi. Simu imeniambia wa kwanza ni Hierodula na wa pili ni Tenodera. Darasa limegawanyika: wengine wanasema hizi ni spishi nne, wengine wanasema ni moja, rangi tu ndizo zimetofautiana. Nitawatofautishaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pande zote mbili za darasa zimekosa. Kwa maelezo yako na picha ulizonitumia, wa kwanza na wa pili wanaelekea kuwa jike na dume wa jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu), Sphodromantis, na huenda wa spishi moja. Wa tatu ni mwingine kabisa. Wa nne siwezi kumpa jina kwa picha iliyopigwa kutoka juu, na nitakueleza cha kufanya naye.

Tuanze na simu, maana ndiyo iliyokuvuruga. Programu za kutambua viumbe kwa picha hulinganisha picha yako na zile zilizokwisha kupakiwa na watu wengine, na vunjajungu waliopigwa picha nyingi ni wa Ulaya, Asia na Marekani. Hierodula kwa asili yake ni jenasi ya Asia na visiwa vya Pasifiki. Ni kweli anafanana sana na Sphodromantis: wote wawili ni wakubwa, wanene, wa kijani, wenye doa jeupe kwenye bawa la mbele. Lakini ukimkuta wa namna hiyo kwenye mpapai wa Veyula, huna sababu ya kumtafutia ukoo Indonesia. Tenodera naye yuko Afrika, ila ni mrefu mno na mwembamba, kifua chake kimenyooka kama fimbo, na bawa lake halina lile doa jeupe. Nadhani simu ilimwona mdudu wa kahawia aliyekonda ikamkumbuka Tenodera sinensis, yule wa China aliyepelekwa Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na sasa amejaa kwenye picha za watu wa kule. Wafundishe wanafunzi kuuliza kwanza mdudu amekamatwa wapi. Swali hilo peke yake huondoa majina mengi kabla hujashika lenzi.

Sasa rangi, ambayo ndiyo inayowagombanisha. Katika vunjajungu rangi ni shahidi mbovu. Spishi moja inaweza kuwa na wa kijani, wa kahawia, na wa rangi ya majani makavu, wote wametoka kwenye kifuko kimoja cha mayai. Mazingira ndiyo yanayoamua kwa sehemu kubwa: unyevu, mwanga na joto la siku zile mdudu anapojivua gamba. Hapa kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Aliyekulia Februari kwenye majani mabichi ya mahindi hatatoka sawa na ndugu yake aliyekulia kwenye nyasi zilizokauka Mei. Hata kwenye moto: baadhi ya vunjajungu wa Afrika, wakijivua gamba baada ya nyika kuungua, hutoka weusi tii. Mtu asiyejua atasema amegundua spishi mpya.

Na waambie wasihangaike na kile kidoti cheusi ndani ya jicho. Najua kuna mwanafunzi atakuwa amekichora. Jicho la vunjajungu limeundwa kwa vijicho vingi sana vidogo, na vile vinavyokuelekea wewe moja kwa moja hufyonza mwanga badala ya kuurudisha, kwa hiyo unaona doti jeusi. Ukihamia kushoto, nalo linahama. Vunjajungu wote wanalo. Usiku jicho zima huwa jeusi au kahawia iliyokolea, asubuhi linarudi rangi yake. Hakuna spishi humo.

Baada ya mahali, uliza umri. Vunjajungu hawapitii hatua ya kiluwiluwi na bundo kama kipepeo. Anayetoka kwenye yai ni tunutu, mfano wa mzazi wake bila mabawa, na hukua kwa kujivua gamba mara kadhaa mpaka mara ya mwisho anapotoka na mabawa kamili. Tunutu wengi hawatambuliki kwa jina la spishi. Niwekee mezani tunutu wa Sphodromantis na wa Mantis, jenasi nyingine, wa umri mmoja, nitakuandikia "vunjajungu mchanga" na kuondoka zangu. Kwa hiyo asiye na mabawa kamili awekwe pembeni kwanza, na ndiyo sababu huyo wa nne nimemwacha mwisho.

Kisha jinsia, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu dume na jike wa vunjajungu huwa tofauti kuliko spishi mbili jirani zinavyotofautiana. Jike ni mzito, tumbo limejaa, anakaa kichakani na haruki ovyo. Dume ni mwepesi, mabawa yake yanapita ncha ya tumbo, vipapasio vyake ni virefu na vinene zaidi, na usiku huruka kutafuta majike. Akiruka usiku anavutwa na taa. Ndiyo maana wale wanaokusanywa kwenye taa za mabweni, vituo vya mafuta na baraza za nyumba ni madume kwa sehemu kubwa, na wale wanaotolewa shambani mchana mara nyingi ni majike. Mtu akiwaona "wa taa" wote wamekonda na "wa shamba" wote wamenenepa, anaona spishi mbili zenye tabia mbili. Wako wa pili alikamatwa kwenye taa. Hilo peke yake lilinifanya nishuku kuwa ni dume kabla sijatazama picha.

Usikisie lakini, hesabu. Mtazame tumboni kwa chini. Tumbo limegawanyika kwa pingili, na kila pingili ina bamba lake upande wa chini. Kwa waliokomaa, dume ana mabamba 8 yanayoonekana, jike ana 6, na lile la mwisho la jike ni kubwa na pana kuliko mengine. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kufanya hivi bila darubini. Ukimhesabia wa kwanza 6 na wa pili 8, mabishano kuhusu hao wawili yatakuwa yamepungua sana.

Yatakuwa yamepungua tu, hayajaisha. Jinsia tofauti hazithibitishi kwamba ni spishi moja, na ndiyo sababu nakutaka uangalie mahali ambapo picha zako hazikufika, yaani upande wa ndani wa mguu wa mbele.

Mguu wa mbele wa vunjajungu una vipande vitatu vikubwa. Muundi ni ule wa mbele kabisa wenye ndoana kali nchani. Paja ndilo lenye miiba, ambalo muundi hulifumbia ili kubana nzi au panzi. Na nyonga ni kile kipande kirefu kinachounganisha mguu na kifua, ambacho watu wengi hukidhania bega. Akiwa ametulia mikono imekunjwa, upande wa ndani wa nyonga umefichika. Kutoka juu hutauona hata upige picha na kamera ya mamilioni.

Mbinu ni hii. Chukua chupa safi ya maji ya plastiki, ikate shingo, mwingize, funika kwa kitambaa cha chandarua. Baada ya muda atapanda ukuta wa chupa. Wewe tazama kutoka nje, tumbo na kifua vikiwa vimekuelekea, na subiri anyooshe mkono kutafuta pa kushika. Hapo nyonga inafunguka. Ikiwa mkaidi, mguse polepole kifuani kwa unyasi: wengi watasimama wima, watafungua mabawa na kupanua mikono kukutisha, nawe utaona kila kitu anachokuonyesha kwa hasira. Usimfanyie hivyo mara nyingi. Njia nyingine ni kumweka kwenye friji dakika chache, si kwenye sehemu ya kugandisha, mpaka apunguze mwendo. Atazinduka akipata joto.

Kwa wa tatu, kile ulichokiita "kwapani" ndicho hasa ninachokizungumzia. Mantis religiosa ana doa jeusi la mviringo upande wa ndani wa nyonga, karibu na inapoungana na kifua, na mara nyingi katikati ya weusi huo kuna kitovu cheupe. Wengine weupe huo haupo, doa ni jeusi tupu. Mabawa yake hayana doa jeupe la kuonekana kwa mbali. Umbo lake ni jembamba kidogo kuliko la Sphodromantis wa urefu huohuo. Huyu ndiye ambaye Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden, alimpa jina mwaka 1758, na wengi humjua kama vunjajungu wa Ulaya, lakini Afrika ni kwao pia. Mwaka 1899 alionekana mara ya kwanza Marekani, karibu na Rochester, New York, baada ya kuingia na miche, na leo ni mdudu rasmi wa jimbo la Connecticut. Wako hakuhitaji kusafiri na miche ya mtu kufika Veyula.

Angalia tu doa liwe mahali pake. Wapo vunjajungu wengine wenye alama nyeusi kwenye paja, au kwenye uti wa nyonga, au chini ya kifua. Wanafunzi wakisema "ana doa jeusi", waambie waonyeshe kwa ncha ya kalamu ni kipande gani na upande gani.

Kwa wa kwanza na wa pili unatafuta kitu kingine. Kwenye ukingo wa nyonga Sphodromantis ana vinundu vilivyoinuka, vyeupe au vya njano mpauko, vimepangwa kwa mstari. Ukivuta kucha yako juu yake kwa upole unavisikia. Pamoja na doa jeupe kwenye bawa, hivyo ndivyo vinavyonifanya niseme Sphodromantis. Wote wawili wakiwa na vinundu vya namna moja, kwa ukubwa na kwa mpangilio, ndipo nitaanza kuamini kuwa ni jike na dume wa spishi moja. Vikitofautiana sana, tutaongea upya.

Je, Sphodromantis gani? Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Jenasi hii ina spishi nyingi Afrika, na zinafanana kupita kiasi. Wanaofuga vunjajungu hutenganisha S. viridis na S. lineola kwa vinundu hivyohivyo: viridis ana vichache na vikubwa, lineola ana vingi na vidogo. Ni kanuni nzuri ya kuanzia. Lakini nchi yetu ina zaidi ya hao wawili, na mtaalamu anayetaka kutia saini hukata ncha ya tumbo la dume aliyekufa na kutazama viungo vyake vya uzazi kwa darubini. Viungo hivyo haviko sawa kushoto na kulia, na umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi. Ndiyo maana makumbusho hupenda dume kuliko jike, ingawa jike ndiye anayependeza kwenye picha. Kwa kabati la shule, andika Sphodromantis na uishie hapo. Jina la jenasi lililo sahihi lina thamani kuliko jina la spishi la kubahatisha, na nimeona makabati ya shule yaliyojaa haya ya pili.

Kabla sijaachana na wa kahawia: hakikisha bawa lake lina doa moja safi, si madoadoa. Yuko Polyspilota aeruginosa, naye ni mkubwa, naye huwa wa kahawia au mchanganyiko wa kahawia na kijani, lakini mabawa yake yametapakaa mabaka. Kwenye picha yako ya pili kuna kivuli cha kidole juu ya bawa, sikuweza kuona vizuri.

Haya, wa nne. Mabawa mafupi yanaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni kwamba ni tunutu, na hayo si mabawa bado ila vifuko vya mabawa: vinene, vimelala mgongoni, havifunguki, huoni mishipa iliyotandaa vizuri. Ya pili ni kwamba amekomaa na ni jike wa kundi ambalo majike wake wana mabawa mafupi. Hayo ni mabawa ya kweli, membamba, yana mishipa, na ukiyainua kwa unyasi yanafunguka na chini yake kuna bawa la pili lililokunjwa. Urefu unaoutaja na wembamba wake vinanipeleka kwa Miomantis, jenasi ya vunjajungu wadogo iliyoenea sana Afrika na yenye spishi nyingi kiasi cha kumchosha mtu. Madume wake ni wembamba mno, na mabawa yao yanapita tumbo kwa mbali. Siku mkileta dume wa Miomantis pamoja na huyu, darasa litabishana tena.

Namna rahisi ya kujua ni kumlisha na kusubiri. Mpe nzi, mpe panzi wadogo, mnyunyizie maji kidogo jioni, na umwekee kijiti cha kuning'inia, chupa iwe na kimo cha mara tatu ya urefu wake, maana hujivua gamba kichwa kikiwa chini na akikosa nafasi atatoka amepinda. Akijivua gamba, alikuwa tunutu. Aliyekomaa hajivui tena. Akitaga, usiseme lazima alikuwa ameonana na dume: jike wa Miomantis caffra wa kusini mwa Afrika anaweza kutaga mayai yakaanguliwa bila dume. Huyo huyo alionekana New Zealand mwaka 1978 na sasa amekuwa mwenyeji wa kule.

Mkimpata siku moja jike mnene, mkubwa kuliko huyu, mabawa yake yanafika nusu tu ya tumbo, na akitishwa anayafungua na kuonyesha rangi kali upande wa ndani, huyo si tunutu. Mtazameni kama Parasphendale, jenasi ya Afrika Mashariki ambayo imewadanganya wengi kwa mabawa hayo.

Wengine hawana shida na sitapoteza muda wako kwao. Pseudocreobotra ana mchoro wa duara kwenye bawa, mfano wa namba 9, hukosei. Phyllocrania paradoxa ni jani kavu lenye miguu. Jamii ya Empusidae ina kichwa kilichochongoka juu, na madume wao wana vipapasio vyenye vijimanyoya. Katika jamii hiyo ndimo alimo Idolomantis diabolica, mkubwa na mwenye kifua kipana chenye rangi, ambaye Tanzania ni moja ya nchi zake. Tarachodes amebanana na gome la mti, na ukimkuta jike hatoki mahali pale hata ukimsogelea, tazama chini yake: analinda mayai. Na akija mwanafunzi na kidudu cha sentimita mbili chenye mikono ya vunjajungu lakini mabawa manne ya kioo, yenye mishipa ya wavu, yamekunjwa kama paa, mpongeze, kisha mwambie si vunjajungu. Ni wa familia ya Mantispidae, na hupitia hatua ya bundo kama nyuki na kipepeo.

Picha ninazohitaji kutoka kwako ni nne kwa kila mdudu: juu ukiwa umeweka rula pembeni, uso, tumbo kwa chini, na upande wa ndani wa nyonga. Kwenye karatasi ya chupa andika tarehe, mahali, mti au jani alikokutwa, mchana au usiku, na kama alikuja kwenye taa. Wakae kila mmoja na chupa yake. Sisemi hivyo kwa ajili ya jike kumla dume tu, jambo linalotokea zaidi akiwa na njaa na halitokei kila mara kama watu wanavyosimulia. Vunjajungu yeyote humla mwenzake aliye dhaifu kuliko yeye, na asubuhi utakuwa na wadudu watatu badala ya wanne kwa sababu isiyohusiana na somo lako.

Huyo wa kwanza, kwa tumbo lile, anaweza kutaga muda wowote. Kifuko cha Sphodromantis ni donge kubwa la povu lililokauka, rangi ya kahawia nyepesi, limeshikana na kijiti. Cha Miomantis ni kidogo na chembamba, kina mkia. Mkivikuta porini msivibandue, kateni kijiti chenyewe, mkiweke kwenye chupa iliyofunikwa kwa chandarua cha matundu madogo sana. Umbo la kifuko nalo ni ushahidi, na wakianguliwa mtajua mama alikuwa nani kwa kuwalea wachache mpaka wakomae, kila mmoja na chupa yake. Wakitoka nyigu wadogo wanaong'aa kijani, wenye mapaja manene ya nyuma, hao ni Podagrion: mama yao alitaga ndani ya mayai ya vunjajungu. Msiwatupe. Wawekeni kwenye spiriti pamoja na kifuko walikotoka, lebo moja.